Friji Aliyoundiwa Mama Mdogo

Baba mdogo hakuwa na imani na kitu chochote cha vuguvugu. Chai aliinywa ikitoa moshi, maji aliyanywa yakiuma meno, na mtu aliyemjibu "labda" alimhesabu kuwa mgonjwa. Mtaani walimwita Bwana Baridi kwa sababu alikuwa fundi wa mafriji, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Milango ya friji ilikuwa imeegemezwa ukutani kama wanafunzi waliotolewa nje ya darasa, kompresa zimepangwa sakafuni kwa ukubwa wake, na katikati yeye mwenyewe, amepiga magoti, sikio kaliweka ubavuni mwa friji ya mtu, macho kafumba.

Ndivyo alivyofanya kazi. Kipimajoto alikuwa nacho, ila alikitumia kuzuia mlango wa kabati usifunguke. Yeye alisikiliza. Mashine ikianza kuvuta, ikizima, ikipumzika, alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo kisha anatoa hukumu: hii gesi imepungua, hii mota imechoka, hii haina ugonjwa wowote, mwenyewe ndiye anayeifungua kila saa kuchungulia kama taa imezima.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia hadi wateja wakaijua kwa moyo: baridi haina kosa, kosa ni la joto. Na kwa kazi yake alikuwa sahihi. Maisha yake yote alihifadhi nyama, samaki na maziwa, yaani vitu ambavyo kazi yao imekwisha na kinachotakiwa ni visioze tu. Hakuwahi kuhifadhi kitu ambacho bado kina kazi ya kufanya.

Mkewe, mdogo wake mama yangu, alikuwa anapiga pasi nguo za watu katika chumba hichohicho, upande wa dirishani. Watu walisema nyumba ile ina hali ya hewa mbili. Hawakujaliwa mtoto, walijaliwa ubishi, nao waliulea vizuri ukakua. Walibishana kuhusu chumvi, kuhusu njia fupi ya kwenda sokoni, kuhusu nani alikoroma. Mtu asiyewajua angewaonea huruma. Aliyewajua alikaa kitini asikilize, maana ilikuwa burudani ya bure.

Mama mdogo alikuwa na kisukari, kile cha kujichoma sindano ya insulini kila siku. Miaka mingi alitunza vichupa vyake kama muuguzi wa kliniki alivyomfundisha: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Chungu kilikaa chini ya meza ya pasi, na dawa ilifanya kazi yake bila malalamiko. Aliyelalamika ni mwenye bucha wa jirani. Siku moja alikuja kuchukua shati, akakiona chungu, akauliza ni cha nini. Alipoambiwa, alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kinyozi ana nywele mpaka mabegani, alisema. Fundi wa mafriji, mkewe anatumia udongo.

Baba mdogo alicheka naye. Ila kicheko kile kilimwingia kama mwiba wa samaki, hakimezeki wala hakitapikiki.

Kiangazi kile akaanza kuunda friji. Ganda alilitoa kwenye friji moja iliyokufa, kompresa kwenye nyingine, mpira wa mlango akaukata mwenyewe na kuunganisha pembe zake kwa gundi hadi pasipite hata ukucha. Akaipaka rangi nyeupe mara mbili. Haikufika kiunoni. Haikuwekwa maji, wala maziwa, wala nyama. Ilikuwa ya dawa ya mkewe peke yake. Na kwa kuwa ni ya mkewe, themostati aliifunga kwenye baridi kali kuliko zote, akatengeneza kitrei cha bati cha kuwekea vichupa, akakibandika juu kabisa, kikigusa bamba la barafu. Ile sehemu ambayo kwa wenye bucha huwekwa nyama bora.

Mama mdogo alifungua mlango, akachungulia hadi kwenye kitrei. Kisha akaniambia mimi, ili mumewe asikie:

"Wanaume wengine wana nyumba ndogo. Wangu kaijenga, na kaniweka mimi mwenyewe."

Chungu kilitolewa nje siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi kichupa kilikuwa kimeganda. Baba mdogo alikigonga kwenye meza, tik tik, kama anayejaribu sarafu, akaridhika. Mama mdogo akakiweka kwapani, akaendelea kupiga pasi kwa mkono mmoja kama kuku anayeatamia, mpaka kikayeyuka. Akajichoma. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba.

Hapa lazima nieleze jambo mapema, maana wao hawakulijua. Mtaani mimi naitwa Daktari Nusu kwa sababu ya diploma ya maabara niliyoiachia njiani, lakini hili lilikuwa katika ile nusu niliyoisoma; habari ya kichupa kuganda ndiyo sikuipata mpaka baadaye, wodini.

Insulini ni protini, na protini ni mnyororo wa shanga. Ya insulini ni shanga hamsini na moja tu, katika minyororo miwili mifupi iliyoshikanishwa kwa vifungo vya salfa. Lakini shanga peke yake hazifanyi lolote. Mnyororo hujikunja, hujipinda, upande mmoja ukaingia ndani na mwingine ukatoka nje, mpaka ukapata umbo lake, na umbo hilo ndilo kazi yake. Juu ya seli za misuli na za mafuta mwilini kuna mahali palipoumbwa kuipokea, kama kitasa kinavyopokea ufunguo. Insulini ikikaa pale, seli hufungua milango na sukari huingia kutoka kwenye damu. Sasa chukua ufunguo uupinde. Chuma ni kilekile, uzito ni uleule, hata rangi haijabadilika. Jaribu kufungulia mlango.

Dawa ikiganda, maji hujitenga yakawa barafu, na insulini inasukumwa kwenye vijinafasi vinavyobaki. Huko inabanana, inalegea mikunjo yake, inashikana ovyo ovyo. Barafu ikiyeyuka, maji yanarudi kuwa maji. Mikunjo hairudi, kama vile yai lililochemshwa likipoa halirudi kuwa bichi. Na kichupa chenyewe kinabaki cheupe, safi, hakina doa. Mama mdogo alikuwa anajichoma kitu kisichokuwa na habari naye, tena kwa kipimo sahihi na kwa saa yake.

Sukari ikapanda. Akaanza kunywa maji kama aliyekula magadi, na kwenda chooni kila mara. Magauni yakamlegea. Macho yakawa na ukungu, akaunguza kola ya shati la mteja, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu ajue kushika pasi. Kipimo chake cha kidoleni kilisoma namba kubwa hadi akadhani kimeharibika.

Baba mdogo alilifikiria tatizo kama fundi. Alikagua sehemu moja baada ya nyingine. Sindano ni mpya. Dawa ni ileile ya kliniki. Hifadhi sasa ni bora kuliko hata ya hospitali. Kilichobaki, alisema, ni kinywa. Mkewe anakula sukari kwa siri.

Mama mdogo alidhani ni ubishi wao wa kawaida, akajibu kwa utani. Haukuwa wa kawaida. Alihamisha kopo la sukari akalifungia kwenye kabati la spana. Alinusa kikombe chake cha chai. Alikwenda kwa mwenye duka la pembeni akaamuru mkewe asiuziwe soda wala biskuti, na kwa kuwa duka lile ndilo redio ya mtaa, kufikia jioni wote walikuwa wanajua kuwa mke wa Bwana Baridi ni mlafi wa tamu. Mwenye bucha alimtania usoni, akamwita nyuki. Wanawake walioleta nguo walianza kumpa mawaidha wakati yeye amesimama, amebeba mafurushi yao. Alichotaka ni kuaminiwa na mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa kabati.

Nilikuwepo siku waliyogombana kweli. Mama mdogo aliapa kwa makaburi ya wazazi wake kwamba hajagusa tamu. Mumewe hakupandisha sauti.

"Nenda kaangalie chooni," alisema. "Sisimizi wamejaa. Wale hawana sababu ya kunidanganya."

"Basi oa sisimizi," mkewe akamwambia, akaendelea kupiga pasi.

Siku nyingine yoyote wangecheka. Hakuna aliyecheka.

Muda si mrefu pasi ilimponyoka ikaangukia mguu. Aliyeona ukungu hakuona waya. Kidonda kikafunguka, na mwili uliojaa sukari haufungi kidonda, unakilisha. Alikificha ndani ya soksi, maana alichoka kuambiwa kuwa amekitaka mwenyewe. Alipoanza kutapika na kupumua kwa haraka, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyochacha, tulimkimbiza hospitali, baba mdogo akimbeba mgongoni hadi barabarani, akimlaumu njia nzima. Alimlaumu kwa sababu alikuwa anaogopa. Yeye uoga wake ulitokea hivyo.

Hospitali walimwekea insulini yao, na sukari ikashuka siku ileile. Yule muuguzi wa kliniki, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuja wodini kumwona mgonjwa wake wa miaka mingi. Akauliza maswali yake. Unachoma kiasi gani. Unachoma wapi. Akafika kwenye chungu. Mama mdogo, hali amelazwa na mipira puani, akatabasamu. Hatumii chungu tena, alisema. Mume wake amemuundia friji ya dawa peke yake. Si friji ya mchezo. Kila asubuhi kichupa kinatoka kimeganda kama jiwe.

Muuguzi alikuwa ameshika mkono wake kupima mapigo. Aliendelea kuushika muda mrefu kuliko mapigo yanavyohitaji. Kisha akamweleza, polepole, kama mtu anayeshusha kitu kizito kutoka kichwani. Alisema kosa ni la kliniki pia. Siku zote walimwambia aweke dawa mahali pa baridi, hawakumwambia baridi ina mwisho wake.

Nilidhani mama mdogo atalia, au atafurahi, kwa kuwa sasa ana ushahidi. Badala yake akauliza kama dawa ya kule nyumbani ingefanya kazi endapo isingegandishwa. Muuguzi akasema ndiyo. Akauliza tena kama mumewe ameshaambiwa. Hapana.

"Basi asiambiwe," alisema. "Akijua hatagusa friji tena maisha yake. Na hakuna kitu kingine anachokijua."

Nilimwambia kwamba mtaa mzima unamwita mwizi wa sukari. Akaniambia mtaa haukumlea, wala hautamzika peke yake. Mimi nifunge mdomo, nusu ya udaktari wangu inatosha kujua kutunza siri ya mgonjwa. Nikamwapia. Muuguzi aliinamisha kichwa. Sikumwona akikubali, ila hakusema.

Jioni, wakati wa kuona wagonjwa, baba mdogo alikuja na chupa ya uji. Mama mdogo akamwomba akae kitandani, asikae kitini.

"Nilikuwa nakula," akamwambia. "Sukari. Nilikuwa naificha kwenye mfuko wa nguo za wateja. Nisamehe."

Sijawahi kuona mtu akilegea kama baba mdogo alivyolegea. Ilikuwa kana kwamba amebeba jiwe siku nyingi akisubiri mtu amwonyeshe pa kuliweka. Alilia, akamshika uso kwa mikono yake yenye makovu ya lehemu, akasema alimsamehe kitambo, ila aliumizwa na uongo. Mkewe akasema anajua. Mimi nilitoka nje nikasoma tangazo la kunawa mikono kutoka juu hadi chini.

Sukari ilikuwa imeshuka, lakini kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa, na kutoka pale kiliingia kwenye damu. Figo zikafuata. Mama mdogo alifariki siku za mvua za kwanza, mchana, wakati mumewe amekwenda kumnunulia kanga mpya ya kurudia nyumbani.

Msibani baba mdogo aliwaambia watu, bila hata kuulizwa, kwamba mkewe alikuwa mwanamke wa kweli. Alikosea, alisema, lakini hakukubali kuondoka na uongo moyoni. Alikiri kwa kinywa chake. Alisema hivyo kwa kumsifu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengine walitazamana, kwa maana ya si tulisema. Nilikaa pale nimeziba mdomo kwa kiganja, na waliodhani nalia hawakukosea sana.

Yangeishia hapo, na siri ingeoza taratibu ndani yangu, isingekuwa mshonaji wa sare za shule anayekaa nyuma ya duka. Naye alianzishiwa sindano za insulini mwaka uliofuata. Baba mdogo aliposikia, alisema friji ile haitakaa bure, atampa. Mkewe angependa. Akaitoa kwenye kona, akaifuta vumbi, akabadilisha mpira wa mlango, akaiwasha ikae siku mbili kabla ya kuipeleka. Themostati ilikuwa palepale alipoifunga, mwisho kabisa.

Sasa niambie wewe ungefanya nini. Niliapa kwa marehemu, na mshonaji yu hai. Nilichagua njia ya waoga: baba mdogo alipokwenda msalani nikashika bisibisi, nikairudisha themostati nyuma, nikakishusha kitrei hadi chini, mbali na barafu. Nikakaa kwenye kiti nikasoma gazeti la zamani.

Baba mdogo alirudi, akapita mbele ya friji, akasimama. Hakuitazama. Aliisikiliza. Mashine ilikuwa imepumzika, ikaendelea kupumzika.

Aliuliza ni nani ameigusa. Nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini, na hakuwa amekasirika. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Nilianza kusema uongo fulani kuhusu umeme. Aliniangalia tu, na yule mtu hana imani na vuguvugu, nimeshasema. Nikamwambia. Nilimweleza minyororo, mikunjo, ufunguo na kitasa, nikazunguka sana, nikaongeza sayansi mahali pasipohitaji sayansi, ili nichelewe kufika. Alinisubiri mpaka nikafika.

Nilitarajia aseme kuwa amemuua. Sentensi hiyo niliiogopa mwaka mzima, na nilikuwa na majibu yake matatu tayari. Hakuisema.

"Kwa hiyo hakula," alisema.

"Hakula, baba mdogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alikaa sakafuni, katikati ya kompresa, miguu kainyoosha mbele kama mtoto. Akaniuliza kuhusu siku ile ya wodini, mkewe alisema nini hasa, na nani mwingine alikuwepo. Nikampa maneno yake yote, hata lile la kwamba hatagusa friji tena. Akatikisa kichwa, kama anayekubali hoja katika ubishi wao: hapo kweli umenipata.

Kesho yake alikwenda kliniki kwa miguu akamuuliza muuguzi dawa inataka baridi ya namna gani. Alirudi na jibu, kati ya nyuzi mbili na nane, na siku nzima alikaa mbele ya friji ile na kipimajoto mkononi, akiisoma kama mwanafunzi, mpaka ilipotulia kwenye nyuzi tano. Akampelekea mshonaji. Akamwambia kichupa kikiganda hata mara moja akitupe, asikichome, na asimsikilize mtu yeyote atakayemwambia kingine, hata akiwa fundi.

Karakana haijafunguliwa tangu siku hiyo. Mama mdogo alimjua mumewe.

Ila kuna kitu ambacho hakukikisia. Baada ya kutoka kwa mshonaji, baba mdogo hakurudi nyumbani. Alianza kupita mlango kwa mlango. Kwa mwenye bucha alisimama mbele ya wateja, akasema mke wake hakuwahi kula sukari, dawa iliharibiwa na yeye kwa mikono yake, na yale ya msibani yafutwe. Mwenye bucha, maskini, aliacha kisu, akasema, Bwana Baridi, hayo yamepita. Baba mdogo akamjibu kuwa hayajapita, yeye ndiye aliyemwita nyuki. Akatoka. Akaenda kwa wanawake wa mawaidha, mmoja mmoja, wakiwa kwenye ndoo zao, wakiwa wananyonyesha. Nilimfuata nyuma, sikuthubutu kumshika.

Dukani alisema maneno yaleyale. Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye alijua. Mama yule hakuwahi kununua kitu cha tamu pale, hata kabla ya kukatazwa. Alikuwa anakuja kuchukua sabuni na chumvi.

Baba mdogo akauliza kwa nini hakumwambia.

"Hukuniuliza," mwenye duka akasema. "Ulikuja kuniamuru."

Baba mdogo alisimama pale kaunta, mikono kaiweka juu ya sanduku la biskuti. Halafu akamshukuru, akavuka barabara, akabisha hodi mlango uliofuata.